Ufundi wa kasri la Beijing na mtihani wa pembe za ndovu

KATIKA karne ya 10, msafiri na mwanahistoria Mwarabu al-Masudi aliandika kwamba pembe za ndovu kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, zilipelekwa kwanza Oman na kutoka huko zikasafirishwa hadi India na China. Wakuu wa dola ya China, alieleza, walizitaka kwa ajili ya machela yao ya fahari.

Wengi wetu tunalifahamu suala la pembe kwa upande wa huku tu: jangili, bunduki na mzoga uliotelekezwa mbugani. Ni nadra kuulizana pembe hizo zilikuwa zikienda kufanywa nini.

Jibu lapatikana Beijing, katika Mji Uliokatazwa, kasri lililojengwa na Mfalme Yongle wa ukoo wa Ming na kukamilika mwaka wa 1420. (Huyu ndiye yule yule aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka wa 1415.) Chini ya ukoo wa Qing, uliotawala kuanzia 1644 hadi 1912, Mfalme Kangxi alianzisha karakana ndani ya kasri lenyewe, zikajulikana kama Zaobanchu. Mafundi hodari waliitwa kutoka pembe zote za dola: wachongaji wa pembe kutoka Guangzhou, wachongaji wa mawe kutoka Suzhou, na wengineo.

Kumbukumbu za karakana hizo zingalipo hadi leo. Zaonyesha kwamba mara nyingi fundi hakuthubutu kuanza kazi kabla mfalme hajauona mchoro, au kielelezo cha nta au mti, na kutoa maagizo yake. Mfalme Qianlong, aliyetawala tangu 1735 hadi 1796, alisifika kwa kuingilia hata mambo madogo ya umbo na rangi. Mteja alikuwa mmoja tu, na mteja huyo hakujali gharama wala muda.

Kutokana na mazingira hayo zilichipuka fani nane ambazo wenyeji huziita maajabu manane ya Yanjing, jina la kale la Beijing. Nazo ni uchongaji wa mawe ya thamani ya jedi, uchongaji wa pembe za ndovu, vyombo vya shaba vyenye rangi ya kioo, laka ya kuchonga, kazi ya nyuzi za dhahabu na fedha zilizopambwa kwa vito, laka ya kutiwa dhahabu, mazulia ya kasri, na udarizi.

Vyombo vya shaba ndivyo mashuhuri zaidi. Wachina huviita Jingtailan, kutokana na Mfalme Jingtai, aliyetawala 1449 hadi 1457, na neno lan lenye maana ya buluu. Hata hivyo, ufundi huo haukuzaliwa China. Uliingia kutoka nchi za magharibi ya Asia wakati wa utawala wa Wamongoli, na Wachina wakaufanya wao.

Kazi huanza kwa kufua shaba hadi ipate umbo la chombo. Kisha fundi hukunja nyaya nyembamba za shaba kwa kibano, maua na mawingu na madragoni, na kuzibandika moja baada ya nyingine juu ya chombo kwa gundi ya mmea kabla ya kuzilehemu. Vijumba vinavyobaki kati ya nyaya hujazwa unga wa kioo wenye rangi uliochanganywa na maji. Chombo huingizwa tanurini katika joto la takriban nyuzi 800. Kioo huyeyuka na kunywea, kwa hivyo vijumba hujazwa tena, na chombo hurudi motoni, mara tatu au zaidi. Hatimaye husuguliwa kwa mawe na makaa hadi nyaya na rangi ziwe sawasawa, na nyaya hupakwa dhahabu.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, laka ya kuchonga yastahili heshima kubwa zaidi, ijapokuwa haimeremeti kama Jingtailan. Utomvu wa mti wa laka, ambao ukiwa mbichi huwasha na kuvimbisha ngozi, hutiwa rangi nyekundu ya zingifuri na kupakwa juu ya chombo, utando mmoja mwembamba baada ya mwingine. Ajabu ni kwamba laka haitaki jua: hukaza vyema katika chumba chenye joto na unyevu, na utando mmoja lazima ukaze kabla ya mwingine kupakwa. Tando hufikia makumi, na mara nyingine mamia. Ni baada ya miezi ya subira ndipo mchongaji ashikapo kisu, naye akikosea hana pa kujificha.

Ufundi wa pembe nao ulikuwa na maajabu yake. Mafundi wa Guangzhou walitoboa tufe moja la pembe kwa mashimo yanayoelekea kitovuni, kisha kwa visu vilivyopinda wakatenganisha tabaka za ndani, hadi tufe likawa na matufe mengine ndani yake, kila moja likizunguka peke yake. Katika karne ya 20 tabaka hizo zilipita 50. Kasrini kulikuwa hata na mikeka iliyosukwa kwa vipande vyembamba vya pembe, laini kama ukindu. Mfalme Yongzheng, aliyetawala 1722 hadi 1735, aliipiga marufuku mikeka hiyo akiiona kuwa israfu. Si haba kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona ndovu wa Tsavo.

Ufalme ulipoanguka, mteja mmoja akatoweka. Puyi, mfalme wa mwisho, alijiuzulu Februari 1912 na kufukuzwa kasrini mwaka wa 1924. Mafundi walitawanyika katika karakana za watu binafsi wakiwauzia wageni, na vita vikamaliza soko lililosalia. Kufikia 1949, Jingtailan ilikuwa karibu kusahaulika Beijing.

Aliyeiokoa hakuwa fundi. Lin Huiyin, msanifu majengo na mshairi, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu alipoanza, pamoja na mumewe Liang Sicheng, kukusanya wasanii vijana katika Chuo Kikuu cha Tsinghua ili kubuni michoro mipya ya vyombo hivyo. Alifariki mwaka wa 1955. Mwaka uliofuata karakana ndogo ndogo ziliunganishwa kuwa kiwanda cha Jingtailan cha Beijing, na Qian Meihua, mmojawapo wa wanafunzi wake, akawa miongoni mwa magwiji wa fani hiyo.

Mwaka wa 2006, serikali ya China ilitangaza orodha ya kwanza ya turathi za taifa zisizoshikika. Jingtailan ilikuwemo, laka ya kuchonga ilikuwemo, na uchongaji wa pembe za ndovu pia ulikuwemo.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Biashara ya kimataifa ya pembe ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1989, mwaka ambao Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ila mwaka wa 2008, China na Japan ziliruhusiwa kununua kwa mara moja zaidi ya tani 100 kutoka Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe. Pembe hizo halali zilifikia viwanda vya uchongaji, na wahifadhi wakalalamika kwamba za wizi zilipenya sokoni chini ya kivuli chake. Ndovu waliendelea kuuawa.

Aprili 30, 2016, Kenya iliteketeza tani 105. Desemba mwaka huo huo, Beijing ilitangaza kwamba biashara yote ya pembe nchini humo ingefungwa, na mnamo Desemba 31, 2017, milango ya mwisho ikafungwa. Tangazo hilo halikuwasahau mafundi: wakongwe wangesaidiwa kwenda kwenye makavazi kukarabati vyombo vya zamani, na wengine kuhamia malighafi nyingine.

Malighafi hizo hazilingani na ile ya awali. Mfupa wa ng'ombe una uwazi katikati, hivyo fundi hulazimika kuunganisha vipande vidogo. Wengine wamegeukia pembe za mamothi, mnyama wa jamii ya ndovu aliyetoweka maelfu ya miaka iliyopita, ambazo hufukuliwa katika ardhi iliyoganda ya Siberia. Mara nyingi zina nyufa na rangi ya kahawia.

Wahifadhi wana hofu kwamba pembe za ndovu zitauzwa kwa jina la mamothi. Wakaguzi hutazama mistari inayokatizana karibu na ukingo wa kipande kilichokatwa kimkingamo: ya mamothi hufanya pembe ya chini ya nyuzi 90, na ya ndovu zaidi ya nyuzi 115. Katika kidani kidogo kilichochongwa kote kote, mistari hiyo huwa vigumu kuonekana.