Tembe za dharura: Usingoje Jumatatu

MSOMAJI, ukiingia katika duka la dawa mjini Kitengela na kutaja 'P2', muuzaji hatakuuliza maana yake. Jina hilo linajulikana, kuanzia kwa wanafunzi wa vyuo hadi kwa akina mama wanaofanya kazi viwandani. Kazi ya tembe zenyewe ndiyo isiyoeleweka.

Wengi hudhani zinatoa mimba. La hasha! Dawa iliyomo, levonojestreli, huchelewesha yai kutoka. Ikiwa mimba imekwisha kutunga, haiwezi kuitoa wala haimdhuru mtoto. Hivyo mwanamke anayeziogopa akidhani ni dhambi ya kutoa mimba, na yule anayezimeza wiki mbili baadaye akitumaini kuokoka, wote wawili wamekosea. (Na anayesema zinaharibu kizazi hana ushahidi.)

Jambo kubwa ni muda. Tembe hizi hufaa zaidi zikimezwa mapema, kabla ya saa 72 kupita. Hadi siku ya tano zaweza kusaidia, ila nguvu zake huwa zimepungua. Ikiwa kondomu ilipasuka Ijumaa usiku, usingoje Jumatatu. Mkazi wa Kitengela hana cha kumchelewesha ila haya na pesa. Lakini msichana wa manyatta iliyo mbali na barabara, anayengoja gari la siku ya soko ndipo afike Kajiado mjini, saa zake huishia njiani. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba katika kaunti hiyo, wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Kwa Kenya nzima walikuwa 15.

Koili ya shaba, ikiwekwa na mhudumu wa afya kabla ya siku tano kwisha, huzuia mimba kuliko tembe. Yafaa hasa kwa anayetumia efavirenzi, au dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, kwani hizo hupunguza nguvu za P2.

Kinachosikitisha ni kwamba wapo wanaoogopa mimba kuliko Ukimwi. P2 haizuii virusi hata kidogo. Aliyebakwa akimbilie hospitali, si duka la dawa, kwa sababu dawa za kuzuia virusi, yaani PEP, nazo sharti zianzwe kabla ya saa 72.

Ukitapika kabla ya saa mbili au tatu kupita baada ya kumeza, rudia dozi. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, nenda ukapimwe mimba.