VVU na UKIMWI: Muundo wa Vifupisho na Maana Zake katika Mawasiliano ya Afya Afrika Mashariki

Utangulizi

Istilahi nyingi za tiba humfikia mwananchi zikiwa zimekwisha kufupishwa. Huzikuta kwenye kadi ya kliniki, kwenye bango la zahanati au kwenye majibu ya maabara, na ni nadra kuelezwa herufi hizo zinasimamia nini. Makala hii inachunguza vifupisho viwili vinavyotumika sana katika ukanda wetu, yaani UKIMWI na VVU, kwa kuangalia muundo wake, asili ya maneno yanayoviunda na maana zinazojengeka kwa msikilizaji. Hoja kuu ni kwamba kifupisho cha pili kimekibeba cha kwanza ndani yake, na kwamba muundo huo unafifisha tofauti ambayo tiba ya leo inaitegemea.

Muundo wa UKIMWI

Kiingereza kilianza kutumia kifupisho AIDS rasmi mwaka 1982, nacho Kifaransa kikaunda SIDA. Vifupisho hivyo viwili vimeundwa kwa herufi. Kiswahili kilichukua njia ya silabi: Upungufu wa KInga MWIlini. Kwa njia hiyo kilipata neno linalotamkika, linaloishia na irabu na linaloingia katika ngeli ya U bila kulazimishwa. Husemwa "UKIMWI umeenea" kama isemwavyo "ugonjwa umeenea". Ndiyo sababu waandishi wengi sasa huandika Ukimwi, kama nomino ya kawaida.

Hata hivyo, neno la kwanza la kirefu chake halijatulia. Wapo wasemao upungufu na wapo wasemao ukosefu. Upungufu hutokana na kitenzi pungua, na ukosefu na kosa kwa maana ya kutokuwa na kitu. Mwenye upungufu anacho, ila hakitoshi. Mwenye ukosefu hana kabisa. Kitabibu, upungufu ndilo neno sahihi, kwa kuwa kinga hushuka hatua kwa hatua, na kwa dawa inaweza kupanda tena.

Muundo wa VVU

Jina HIV lilikubaliwa na wanasayansi wa uainishaji wa virusi mwaka 1986. Jina hilo, sawa na VIH ya Kifaransa, linataja binadamu na upungufu wa kinga, haliutaji UKIMWI. VVU, kwa kirefu chake kilichozoeleka, ni Virusi vya UKIMWI: kifupisho ndani ya kifupisho.

Herufi zake zina historia. Neno virusi lina asili ya Kilatini, ambako virus ilikuwa na maana ya sumu. Lilipoingia katika Kiswahili, vi- ya mwanzo ilichukuliwa kuwa kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI, ndipo likapatikana kirusi kwa umoja. Upatanisho wa ngeli hiyo ndio uliozaa V ya pili. Tatizo limo katika U, inayokirejesha kirusi kwenye jina la ugonjwa.

Lugha jirani zina hali hiyo hiyo. Kinyarwanda husema virusi itera SIDA, yaani virusi inayosababisha SIDA. Waganda husema akawuka ka siriimu, yaani kidudu cha siriimu, na siriimu ni neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, kwa sababu ya kukonda kwa wagonjwa. Hivyo basi, suala hili ni la ukanda mzima.

Athari kwa msikilizaji

Kitaalamu, VVU ni virusi vinavyoleta maambukizi, na UKIMWI ni hatua ya mbele ya maambukizi hayo. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayegundulika aanzishiwe dawa bila kusubiri kinga yake ishuke. Anayezitumia ipasavyo anaweza kuishi miaka mingi bila kuifikia hatua hiyo, na virusi vyake visipoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

Sasa mshauri nasaha anapomwambia mtu, "Una VVU, lakini huna UKIMWI," msikilizaji anayekijua kirefu husikia: "Una virusi vya UKIMWI, lakini huna UKIMWI." Kauli ni ya kweli, lakini inafasirika vibaya kwa namna mbili. Mmoja hushika sehemu ya kwanza, akajiona amekwisha kuhukumiwa, asirudi kliniki. Mwingine hushika ya pili, akajiona mzima, asinywe dawa. Wote wawili hupotea kwa sentensi moja.

UVIKO-19 inatoa ulinganisho mzuri. Kirefu chake ni Ugonjwa wa VIrusi vya KOrona, na tarakimu zinarejelea mwaka 2019. Kifupisho hicho nacho ni cha silabi, lakini neno ugonjwa limetangulia, hivyo hakuna anayekidhania kuwa jina la kirusi. Kinyume chake ni kifua kikuu, jina lililotokana na kiungo. Ugonjwa huo unaposhambulia mifupa, wengi hukimbilia kusema "TB ya mifupa", kwani kifua hakiwezi kuwa mfupani.

Hitimisho na mapendekezo

Kwanza, kifupisho VVU kibaki, ila kirefu chake rasmi kiwe Virusi Vya Upungufu wa Kinga. Herufi hazibadiliki, kwa hiyo kadi na mabango yaliyopo yataendelea kutumika. Kinachobadilika ni maelezo ya mtoa huduma. Ni kweli kwamba mazoea ya miongo kadhaa hayafutiki kwa waraka, lakini mafunzo ya watoa huduma na vitabu vya shule ni mahali pafaapo kuanzia. Pili, upungufu usanifishwe badala ya ukosefu. Tatu, katika vituo vya afya vya mipakani, SIDA na VIH ziandikwe sambamba na UKIMWI na VVU, kwa kuwa msemaji wa Kiswahili atokaye Uvira au Bujumbura amezoea za Kifaransa.

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja ya usanifishaji huo imeongezeka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya Kiswahili na wizara za afya, ndiyo yenye nafasi ya kuuratibu.