Mbiu Isitangulie Kazi

Mwezi wa Aprili mwaka 1997 kampuni moja ya jimbo la Texas, Marekani, iitwayo 3D Realms, iliutangazia ulimwengu kwamba mchezo wake mpya wa kompyuta, Duke Nukem Forever, ulikuwa njiani. Mchezo huo ulitoka Juni 2011. Mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo alikuwa amekwisha maliza darasa la saba mchezo ulipofika madukani. Katika muda huo wote waundaji waliutupa msingi wa programu waliouanzia, wakachukua mwingine, wakaugeuza tena. Na kila walipoulizwa ni lini, jibu lao lilikuwa lile lile, kwamba utatoka utakapokuwa tayari. Mei 2009 fedha zikaisha, wafanyakazi wakaachishwa kazi, na kampuni ya Take-Two iliyokuwa na haki ya kuuchapisha ikaenda mahakamani. Aliyeukamilisha ni mwingine kabisa, kampuni ya Gearbox, na ulipotoka wahakiki wengi waliuona umekwisha kupitwa na wakati.

Huenda msomaji akauliza gazeti la visiwani lina haja gani na habari za watu wa Texas. Haja ipo. Katika miji ya pwani yetu vijana hulipia kucheza katika vibanda vya gemu, na mwenye kibanda aghalabu ni kijana vilevile, aliyenunua mtambo na michezo kwa fedha yake mwenyewe aliyoipata kwa taabu. Yeye naye husikia matangazo hayo, akapanga matumizi yake kwa kuyategemea. Aidha, suala la ni lini mwenye kuahidi aitangaze ahadi yake si geni kwa wakubwa wa maofisini wanaousoma ukurasa huu. Mawe ya msingi yaliyowekwa kwa ngoma na hotuba, kisha yakaota majani, wanayajua kuliko sisi.

Rai yetu tunaitoa mapema ili ijadiliwe. Mchapishaji asiutangaze mchezo mpaka uwe unaweza kuchezwa toka mwanzo hadi mwisho ndani ya nyumba yake, hata kama bado una kasoro za kusafishwa. Na toka siku ya tangazo hadi siku ya mauzo isizidi miezi 6 kwa mchezo ambao jina lake linajulikana, au mwaka 1 kwa ule ambao watu hawajapata kuusikia. Zaidi ya hapo tangazo huacha kuwa habari, likawa ni deni. Na mwenye kulilipa deni hilo mara nyingi si yule aliyelikopa.

Sababu za kutangaza mapema zinafahamika, wala hatuzidharau. Kampuni kubwa zina wanahisa, na wanahisa hutaka kujua kila baada ya miezi mitatu ni kitu gani kinachopikwa jikoni. Mafundi hodari nao huvutwa na jina kubwa. Si rahisi kumwajiri mtu kwa kazi usiyoweza kumtajia. Kisha iko hofu ya mpinzani: mwenye kuuza mtambo wa kuchezea hapendi mnunuzi wake auhame, hivyo humwonyesha mchezo wa miaka 5 ijayo kana kwamba ni wa kesho kutwa. Juu ya yote yalikuwako maonyesho ya E3, yaliyoanza Los Angeles mwaka 1995 na kufungwa rasmi mwaka 2023. Mbele ya umati ule, kampuni iliyopanda jukwaani mikono mitupu ilionekana imeshindwa. Jukwaa lenyewe likawa ndilo linalodai tangazo, liwepo la kutangazwa au lisiwepo.

Sasa tutazame deni hilo hulipwa na nani. Kampuni ya CD Projekt ya Warszawa, Poland, ilitangaza mchezo wa Cyberpunk 2077 Mei 2012, na Januari 2013 ikatoa kionjo chake cha kwanza. Wakati huo mafundi wake wengi walikuwa wameshughulika na mchezo mwingine, The Witcher 3, uliotoka Mei 2015. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa watu walikuwa wakingojea kitu ambacho sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa haijaanza. Juni 2019, katika maonyesho ya E3, ikatajwa tarehe ya kuuzwa: 16 Aprili 2020. Toka hapo tarehe ikawa bwana, kazi ikawa mtumwa.

Januari 2020 tarehe ilisogezwa hadi 17 Septemba. Juni ikasogezwa hadi 19 Novemba. Viongozi wa kampuni walikuwa wameahidi hadharani mwaka 2019 kwamba hawatawalazimisha wafanyakazi kufanya kazi kupita kiasi. Lakini mwishoni mwa Septemba 2020 wafanyakazi wakaarifiwa kwamba sasa watafanya kazi siku 6 kwa wiki. Walilipwa kwa muda wa ziada, hilo ni kweli, lakini malipo hayamrudishii mtu jioni zake pamoja na watoto. Mwanzoni mwa Oktoba ikatangazwa kwamba mchezo umekamilika na uko tayari kwa kupigwa nakala. Tarehe 27 ya mwezi huo huo ukaahirishwa tena, hadi 10 Desemba.

Ulipotoka, watu milioni 8 walikuwa wamekwisha kuuagiza kabla ya siku ya mauzo. Wenye kompyuta zenye nguvu walicheza, ijapokuwa kwa kasoro. Wenye mitambo ya kizazi kilichotangulia, PlayStation 4 na Xbox One, mitambo iliyokuwamo majumbani mwa watu wengi zaidi, waliona picha zikikwama na mchezo ukizimika katikati. Nakala walizopewa wahakiki kabla ya mauzo zilikuwa za kompyuta peke yake, kwa hiyo mwenye mtambo wa zamani hakuwa na mtu wa kumwonya. Tarehe 17 Desemba Sony ilitangaza kuuondoa mchezo huo katika duka lake na kuwarejeshea wanunuzi fedha zao. Haukurudi dukani humo hadi Juni 2021. Januari 2021 Marcin Iwiński, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alijitokeza katika picha ya video akaomba radhi. Baadhi ya wanahisa walikuwa wamekwisha kufungua kesi nchini Marekani.

Uadilifu unatutaka tuongeze kwamba kampuni haikuukimbia mchezo wake. Iliutengeneza kwa miaka mitatu, ikatoa nyongeza ya Phantom Liberty Septemba 2023, na mwezi uliofuata nakala zilizouzwa zikafika milioni 25. Wako wanaouchukua mwisho huo mwema kuwa ni ushahidi kwamba tangazo la miaka 8 halikudhuru. Sisi hatukubaliani nao. Kampuni ilipata nafasi ya kutengeneza kwa kuwa ilikuwa na fedha za kuiwezesha. Kampuni ndogo ingalizama Desemba ile ile.

Wanaodai kwamba soko la kisasa haliwezi kuendeshwa bila ya miaka mingi ya kupiga mbiu na waitazame kampuni ya Bethesda ya Marekani, iliyojaribu njia zote mbili. Mchezo wa Fallout 4 ilitangaza mwanzoni mwa Juni 2015 na kuuuza tarehe 10 Novemba mwaka huo huo. Ni miezi 5 tu. Nakala milioni 12 zilipelekwa madukani kwa siku ile ya kwanza, wala hakuna aliyelalamika kwamba hakupewa muda wa kutosha kuutamani. Kisha Juni 2018 kampuni hiyo hiyo ikaonyesha kionjo cha The Elder Scrolls VI: milima, muziki, na jina. Basi. Jioni ile ile ilionyesha pia mchezo mwingine, Starfield, ambao ndio uliokuwa mbele katika foleni, na huo wenyewe haukutoka hadi Septemba 2023. Mwaka huo wa 2023, miaka 5 baada ya kionjo cha milima, kampuni ilikiri kwamba Elder Scrolls VI ulikuwa katika hatua za mwanzo. Twauliza: tangazo lile lilimfaa nani? Mchezaji halikumfaa, kwa kuwa hakupata hata picha moja ya mchezo wenyewe. Fundi halikumfaa, kwa kuwa kila mwaka unaopita huongeza urefu wa kilima atakachotakiwa kukipanda.

Lakini kuchelewa kutangaza nako kuna madhara yake, na hapa hatupendi kueleweka kana kwamba tunapendekeza ukimya. Mei 1995, katika E3 ya kwanza kabisa, kampuni ya Sega ya Japani ilitangaza kwamba mtambo wake wa Saturn, uliotarajiwa Marekani tarehe 2 Septemba, ulikwisha kuwa madukani siku hiyo hiyo kwa dola 399. Ulikuwa katika maduka machache yaliyochaguliwa. Maduka yaliyoachwa yalikasirika, na KB Toys, iliyokuwa na maduka mengi ya vitu vya watoto, ikakataa kuuuza kabisa. Waundaji wa michezo waliokuwa wakijitayarisha kwa Septemba walikutwa hawana kitu mkononi, mtambo ukauzwa miezi mingi na michezo ya kuhesabika. Siku ile ile Sony ikatangaza kwamba PlayStation yake ingeuzwa dola 299. Ni kweli kwamba mtambo si mchezo, lakini somo ni la wote: muuza duka, mchapa vifuniko na msafirishaji wana haki ya kupewa muda.

Mbinu ya kutangaza na kutoa siku moja imefaulu mahali palipokuwa hapana duka wala sanduku. Apex Legends ulitangazwa na kutolewa tarehe 4 Februari 2019, na katika wiki ya kwanza watu milioni 25 waliucheza. Huo ulikuwa mchezo wa bure, unaopatikana kwa intaneti. Anayeomba dola 60 za mtu na ampe nafasi ya kufikiri.

Wanyonge katika biashara hii ni waundaji wadogo, watu watatu au wanne wasio na fedha ya matangazo, na kwao kipimo chetu cha miezi 6 ni kikali mno. Hao huhitaji mwaka na zaidi ili jina lao lipate kusikika. Tena wapo wanaoomba mchango wa wananchi ili waweze kuanza, kama ilivyofanya Double Fine mwaka 1, ule wa 2012, ilipokusanya dola zaidi ya milioni 3.3 kutoka kwa watu zaidi ya 87,000. Mchezo wao, Broken Age, ulitoka kwa sehemu mbili, Januari 2014 na Aprili 2015, ukiwa umechelewa. Lakini wachangiaji walikuwa wakionyeshwa kazi kwa filamu ya mfululizo, pamoja na makosa na hesabu zilizokataa kulingana. Mwenye kuomba mchango hana budi kutangaza mapema, na mchangiaji anajua kwamba anachangia jambo ambalo halijakuwapo.

Pamoja na hayo, wadogo nao huumizana. Team Cherry, kundi dogo la Adelaide, Australia, lilitangaza mchezo wa Silksong Februari 2019. Baada ya miaka 6 na nusu, likataja tarehe ya kuuzwa wiki 2 tu kabla: 4 Septemba 2025. Waundaji wengine wadogo waliokuwa wamekwisha panga kutoa michezo yao siku hizo wakalazimika kuisogeza mbele ili isifunikwe. Mchezo ulisifiwa sana, na sisi hatuna la kuupunguzia. Tunasema tu kwamba miaka 6 ya jina na wiki 2 za tarehe ni mizani iliyopinduka: jina lingekuja baadaye, na tarehe ingekuja mapema kidogo.

Limebaki suala la fedha, nalo ndilo ambalo wanasheria na maafisa wa biashara wangefaa kulitazama popote walipo. Desturi ya kulipia mchezo kabla haujatoka ilikuwa na maana siku za masanduku, kwa kuwa duka lilipata nakala kwa idadi maalumu na asiyeagiza alirudi nyumbani bila kitu. Siku hizi michezo mingi hupakuliwa kwa intaneti. Nakala ya namna hiyo haiishi dukani. Mchapishaji anayepokea malipo miezi mingi kabla anapewa mkopo usio na riba na watu ambao wengi wao ni vijana wasio na mshahara, kisha humlipa mkopeshaji kwa vazi la bandia la mhusika wa mchezo. Fedha zisipokewe mpaka tarehe iwe imethibitishwa, na mpaka mchezo uwe umeonyeshwa ukichezwa katika mtambo dhaifu kuliko yote utakaouzwa kwa ajili yake. Sharti hilo la pili peke yake lingaliwaokoa wanunuzi wa Desemba 2020.

Na aliyekwisha kutangaza mapema, akaona maji yamezidi unga, afanye nini? Nintendo ya Japani ilitangaza Metroid Prime 4 Juni 2017, kwa kuonyesha jina na namba tu. Januari 2019 mmoja wa wakuu wake, Shinya Takahashi, alisimama mbele ya kamera akasema kwamba kazi iliyofanyika haikufikia kiwango, kwamba itaanzwa upya, na kwamba imekabidhiwa Retro Studios, waliotengeneza michezo iliyotangulia ya mfululizo huo. Hakutaja tarehe. Kampuni ikanyamaza kwa miaka 5. Juni 2024 ikauonyesha mchezo ukichezwa, na Desemba 2025 ukauzwa.