Fahamu: Kwa nini safari za ushago zilizuiwa Kenya wakati wa Pasaka ya 2021

Siku tisa kabla ya Pasaka, Machi 26, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku kuingia na kutoka katika kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Waliokuwa wakijiandaa kwenda kuwaona wazazi walilazimika kubaki.

Kaunti hizo zilihesabiwa kuwa eneo moja. Mkazi wa Nairobi aliruhusiwa kumtembelea shangazi yake Thika, iliyo Kiambu, ila hakuruhusiwa kuvuka kuingia Murang'a, kaunti jirani. Kafyu nayo ilianza saa mbili usiku hadi saa kumi alfajiri, na ibada za ana kwa ana zikasitishwa. Mizigo na chakula viliendelea kusafirishwa.

Sababu ilikuwa kuenea kwa korona, iliyo hatari zaidi kwa wazee. Kijana anaweza kubeba virusi vya korona bila dalili yoyote, akala meza moja na bibi yake, na bibi ndiye akaugua vibaya.

Vizuizi hivyo viliondolewa Mei 1. Mlipuko mwingine ukitokea, piga simu nyumbani, tuma pesa ya sikukuu, na uahirishe safari: hao wazee wanahitaji kulindwa.