KUFUGA KUKU KWA MKATABA: HESABU YA MFUGAJI



Katika ufugaji wa mkataba kampuni hukuletea vifaranga wa siku moja, chakula na dawa. Wewe watoa banda, maji, mkaa wa kuwapa vifaranga joto, maranda na kazi. Baada ya majuma 6 hivi kampuni huwachukua kuku na kukulipa kwa kilo. Chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote katika kufuga kuku wa nyama, na hapa hukinunui wewe. Kwa hiyo mpango huu waweza kukufaa. Lakini fedha unazopokea si faida. Faida ni zile zinazobaki baada ya kutoa gharama zote, na banda ni mojawapo.

Tazama mfano huu. Vifaranga 1,000 waliletwa, 50 wakafa. Kuku 950 wa kilo 2 kila mmoja ni kilo 1,900. Tuseme malipo ni Sh. 250/- kwa kilo.

Malipo: Sh. 475,000/-
Toa mkaa: Sh. 90,000/-
Toa maranda: Sh. 30,000/-
Toa maji na taa: Sh. 40,000/-
Toa kibarua: Sh. 100,000/-
Baki: Sh. 215,000/-

Sasa banda. Tuseme ulilijenga kwa mkopo wa Sh. 6,000,000/- wa miaka 5. Hata bila riba, ni Sh. 1,200,000/- kila mwaka. Kundi hukaa majuma 6, kisha banda husafishwa na kuachwa tupu majuma 2. Basi mwaka watosha makundi 6. Kila kundi litalipa Sh. 200,000/- za banda, nawe utabaki na Sh. 15,000/-. Kampuni ikileta makundi 4 tu, kila kundi lapaswa kulipa Sh. 300,000/-, nawe wapata hasara ya Sh. 85,000/- kila mara, hata kama kuku walinenepa vizuri.

Huko Marekani, ambako karibu kuku wote wa nyama hufugwa kwa mkataba, wako wafugaji wenye deni la banda la miaka mingi, huku mkataba wao ukiahidi kundi moja moja tu.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, uliza:

1. Je, idadi ya makundi kwa mwaka imeandikwa? Ahadi ya mdomo hailipi deni.
2. Vifaranga wakiletwa dhaifu, au kuku wakifa kwa ugonjwa, hasara ni ya nani?
3. Nani hupima kuku, nawe utakuwapo mizani ikisomwa?
4. Malipo yatakuja baada ya siku ngapi?

Weka daftari, uandike kila senti itokayo. Na mkataba huo, mwonyeshe Bwana Shamba wako kabla ya kutia sahihi, wala si baada.