Slaidi Moja, Hoja Moja

Iwe mkutano uko katikati ya jiji au mtaa wa Westlands, mimi huanza na karatasi: naandika hoja moja ninayotaka wenzangu waondoke nayo, ndipo nafungua kompyuta kutengeneza slaidi. Slaidi iliyojaa maandishi huwalazimu watu kuchagua kati ya kusoma na kukusikiliza. Mtindo wa uwasilishaji wa PechaKucha, ulioanzishwa Tokyo mwaka 2003, huruhusu picha 20, kila moja sekunde 20. Jumla dakika 6 na sekunde 40. Muda ukibana hivyo, unachuja maneno. Tumia herufi zinazosomeka kutoka viti vya nyuma. Fanya mazoezi kwa sauti, na ubebe nakala kwenye flashi. Ukisimama, watazame wenzako, usiusomee ukuta. Muda wao ni mali, uheshimu.