Maigizo ya Shuleni Usukumani: Yapi Kweli, Yapi Uzushi

Katika shule nyingi za Shinyanga na Geita, maigizo yana siku zake: mahafali, Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni, na siku mgeni rasmi anapokuja kuzindua madarasa. Siku nyingine zote, mwanafunzi anayependa kuigiza huambiwa akasome. Nimekusanya hapa maneno yanayosemwa sana juu ya jambo hili, ya wanaolibeza na ya wanaolisifu kupita kiasi, kwa sababu pande zote mbili zinamkosea mtoto.

"Maigizo yanakula muda wa masomo."

Si kweli, na kwa upande wa lugha mambo ni kinyume kabisa. Mtoto wa Kishapu, Msalala au Nyang'hwale mara nyingi huingia darasa la kwanza na Kisukuma chake. Kiswahili hasa anakutana nacho kwa mwalimu. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mara mbili katika safari yake ya shule anajikuta hana maneno ya kusemea kile anachokijua, na mara zote mbili wenzake wako tayari kumcheka. Akishachekwa darasani, hunyamaza. Kwenye mazoezi ya igizo, kukosea ni sehemu ya kazi: sentensi inarudiwa, inabadilishwa sauti, inapewa mkono na jicho, mpaka inamkaa mdomoni.

Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Ann Podlozny, alichambua kwa pamoja tafiti 80 kuhusu maigizo ya darasani. Watoto walioigiza hadithi waliielewa na kuikumbuka zaidi kuliko wale ambao hawakuiigiza, na faida hiyo iliwafuata hata kwenye hadithi mpya ambazo hawakuwahi kuziigiza.

Hapa kwetu hasara ya kutofanya hivyo inaonekana kwenye somo la Kiswahili lenyewe. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari vimesomeshwa *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba, *Orodha* ya Steve Reynolds, na *Kilio Chetu*. Hizo ni tamthiliya. Ziliandikwa zisikike na zionekane. Wengi wamezipitia kwa madondoo ubaoni: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi. Mwanafunzi anaweza kuandika kurasa mbili juu ya Ngoswe bila kuwahi kuisikia sauti ya Ngoswe hata siku moja. Vipindi viwili vya kuigiza onyesho moja vingemfundisha mengi kuliko wiki nzima ya kunakili.

"Maigizo yanaongeza akili, hata hisabati itapanda."

Hili husemwa na sisi tunaoyapenda maigizo, na si kweli kwa jinsi tunavyolisema. Glenn Schellenberg, mwanasaikolojia wa Kanada, alichukua watoto 144 wa miaka sita mjini Toronto akawagawa kwa kura. Baadhi walifundishwa kinanda, wengine kuimba, wengine kuigiza, na wa mwisho hawakufundishwa chochote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Alama za vipimo vya akili zilipanda kidogo zaidi kwa waliosoma muziki. Waigizaji hawakuwazidi wenzao kwa lolote kwenye vipimo hivyo. Walichopata peke yao, na kilionekana wazi, ni mwenendo wa kuishi na wengine.

Kwa hiyo tusimuahidi mzazi kwamba binti yake atafaulu hesabu kwa sababu alicheza nafasi ya malkia. Tukimwambia atajifunza kusikiliza, kusubiri zamu yake na kusimama mbele za watu, tutakuwa tumesema jambo lenye ushahidi, na kwangu hilo linatosha.

"Hayo ni mambo ya Wazungu."

Si kweli. Shule za kikoloni zilileta jukwaa lenye pazia na vipande vya Shakespeare, ndiyo. Lakini Usukuma ulikuwa na ushindani wa maonyesho ulio mkali kuliko wowote niujuao katika nchi hii. Wagika na Wagalu, makundi mawili ambayo simulizi zinayarudisha kwa waganga mahasimu Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno. Makundi hayo hucheza kwa wakati mmoja yakitazamana, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ili kuuvuta umati huo watu wamebuni kila kitu: nyoka hai, fisi, sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa, majembe yanayorushwa hewani, vichekesho, nyimbo za kumchoma mpinzani. Kule Bujora, karibu na Mwanza, tamasha la Bulabo limeendeleza mashindano hayo hadi leo.

Ng'wanamalundi, mcheza ngoma na mganga ambaye jina lake bado linatajwa kwa mshangao Usukuma nzima, aliingia kwenye fasihi andishi kupitia tamthiliya ya Emmanuel Mbogo, *Ngoma ya Ng'wanamalundi* ya mwaka 1988. Mwalimu wa Shinyanga anayetafuta igizo la shule hana haja ya kwenda mbali. Awatume wanafunzi kwa bibi zao, warudi na simulizi.

"Igizo ni la wenye vipaji."

Si kweli, na dhana hii ndiyo inayowanyima wanaohitaji zaidi. Mwalimu akiwa na wiki mbili kabla ya mahafali huchagua walewale: mcheshi wa darasa, msichana mwenye sauti kubwa, mtoto wa mwalimu. Hao walikuwa wanazungumza tayari. Aliye kimya nyuma ya darasa hupewa kubeba viti. Nafasi ya maneno mawili ingemtosha kuanzia: mlinzi anayefungua mlango, mjumbe anayeleta barua. Hata kupiga ngoma au kuwakumbusha wenzake maneno pembeni kunamweka ndani ya kazi ambayo haiwezi kukamilika bila yeye, na kwa mtoto aliyezoea kuonekana hana maana hilo ni jambo kubwa.

"Mtoto akiigiza ulevi, atakuwa mlevi."

Si kweli. Anayeigiza mlevi hulazimika kumtazama mlevi kwa makini: anapepesuka vipi, anaomba radhi vipi asubuhi, mke wake anageukia wapi. Thalia Goldstein na Ellen Winner walichapisha mwaka 2012 matokeo ya kufuatilia wanafunzi wa Marekani kwa mwaka mmoja. Waliosoma uigizaji walikua zaidi katika kuzihisi hisia za wenzao kuliko waliosoma sanaa nyingine.

Katika ukanda huu uwezo huo una uzito wake. Shule ya Msingi Buhangija, mjini Shinyanga, ilipokea watoto wenye ualbino waliohamishwa kutoka vijijini kwa sababu ya mauaji ya wenye ualbino. Mwanafunzi anayecheza nafasi ya mama anayehesabu watoto wake jua linapozama, na mmoja hajafika, anagusa kitu ambacho hotuba ya dakika arobaini haikigusi. Sharti ni moja: wenye ualbino wenyewe wawe miongoni mwa watunzi na waigizaji, wasigeuzwe kuwa mada ya kuigizwa na wengine. Na baada ya nafasi nzito kama hiyo mwalimu akae na kikundi, wazungumze, kabla watoto hawajaenda nyumbani na uchungu huo.

"Binti akizoea jukwaa, ataharibika."

Hapa nitakaa zaidi, maana hofu hii imewafungia ndani wasichana wengi.

Kwanza, hofu yenyewe haikutoka hewani. Wazazi wa Usukuma wanajua kilichokuwa kikitokea pembeni ya ngoma na magulio: chagulaga, ambapo vijana humzunguka msichana na kumtaka achague mmoja wao, hata kama hataki yeyote. Mzazi anayesikia kwamba binti yake atabaki shuleni hadi jioni kwa "mazoezi ya ngoma" anakumbuka hayo. Ana haki ya kuuliza nani anasimamia na binti atarudi na nani, na shule inayoshindwa kumjibu haistahili kupewa ruhusa.

Lakini dai lenyewe si kweli. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya za mwaka 2010 ziliuweka Mkoa wa Shinyanga juu kuliko mikoa yote kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Mabinti hao hawakuharibiwa na jukwaa. Wengi hawakuwahi kupewa mahali pa kusema sitaki, na ng'ombe wa mahari walihesabiwa mabinti wenyewe wakiwa jikoni.

Maigizo yametumika kutengeneza mahali hapo, na yalianza jirani kabisa. Mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, kwenye reli itokayo Shinyanga kwenda Mwanza. Hawakufika na mchezo ulioandikwa. Wanakijiji, hasa vijana, walichunguza matatizo yao wenyewe, wakayatolea ngoma na maigizo kwa sanaa wanazozijua, kisha wakayajadili hadharani. Miongoni mwa yaliyoibuka ni mimba za wasichana wa shule, jambo ambalo mikutano ya kawaida ililizunguka.

Mwaka 1996 Lihamba na Mlama waliipeleka mbinu hiyo kwenye shule za sekondari kwa mradi walioupa jina Tuseme. Wasichana wenyewe ndio waliotafiti kinachowazuia kusoma: mwalimu anayewataka, kazi za nyumbani zisizoisha, njia ndefu, wavulana wanaowazomea wakinyoosha mkono. Wakaigiza, wakajadili na walimu na wanafunzi wenzao, wakapanga hatua, na klabu ikabaki shuleni kuzifuatilia. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wanaelimu wa Afrika, ambalo Mlama alikuja kuliongoza, liliisambaza Tuseme katika nchi nyingine barani.

Kinachokua kwa binti katika mchakato huo si tabia ya kujionyesha. Ni mazoea ya kulitaja tatizo kwa jina lake mbele ya mtu mzima, kwa sauti isiyotetemeka, akiwa amekwishaifanyia mazoezi sentensi hiyo na wenzake. Anayeweza kumwambia "baba" wa kwenye igizo kwamba anataka kumaliza kidato cha nne, siku ya siku ana maneno ya kuanzia.

"Igizo litamtoa mtoto machimboni."

Peke yake, si kweli. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilieleza jinsi watoto wa Geita, Kahama na Chunya walivyokuwa wakiingia kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wakiponda mawe na kushika zebaki kwa mikono. Mtoto wa Nyarugusu au Rwamgasa anayepewa ujira wa siku pale mwaloni, dhahabu inapooshwa, huku nyumbani hakuna unga, hatarudi darasani kwa sababu alitazama igizo zuri. Anahitaji chakula shuleni, na mzazi anayeweza kununua daftari. Msichana naye anahitaji sheria inayofanya kazi. Mahakama Kuu, mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilivitangaza vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya 18 kuwa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu iliwekewa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa. Hakuna igizo linaloweza kufanya kazi ya hakimu.

Linachoweza igizo ni kumfanya mtoto aseme alichokiona. Wanafunzi wa ukanda wa dhahabu wanajua majina ya wenye makarasha ya kusagia mawe, wanajua nani aliacha shule mwezi gani na kwa nini. Mara nyingi hakuna aliyewauliza. Wakipewa kutunga wenyewe, habari hizo hutoka, na mwalimu makini atasikia ndani yake mambo ya kufikisha ustawi wa jamii bila kusubiri onyesho. Hapo pia pana hatari: mtoto asiachwe jukwaani peke yake akimtaja mtu mwenye nguvu kijijini. Majina yabadilishwe, tatizo libaki.

"Bila ukumbi na mavazi haiwezekani."

Si kweli. Uwanja wa shule, kivuli cha mwembe, khanga mbili na ngoma moja vinatosha. Wagika na Wagalu hawakuwahi kuwa na pazia.

"Makofi yakipigwa, kazi imeisha."

Hili ndilo lisilo kweli kuliko yote, na ndilo linaloaminiwa na shule nyingi bila kulitamka. Igizo la mahafali huandikwa na mwalimu, hukaririwa na wanafunzi, hupigiwa makofi na mgeni rasmi, kisha watu wanakwenda kula pilau. Mwanafunzi amejifunza kukariri, si haba, lakini hakuulizwa lolote. Malya na Tuseme zilikuwa tofauti kwa sababu ya yale yaliyozunguka onyesho: utafiti wa wanafunzi kabla yake, na mjadala baada yake, watazamaji wakiwa bado wamekaa. Choo cha wasichana hakina mlango. Nani ataweka, na lini? Njia ya kutoka kijiji cha pili inapita porini; wazazi gani watasindikiza kwa zamu? Mwenyekiti wa kijiji yupo, mtendaji yupo, mwalimu mkuu yupo, na wanaouliza ni watoto wa miaka kumi na nne. Kisha kinafuata kikao cha pili, ambapo wanafunzi wanasoma hadharani lililotekelezwa na lisilotekelezwa. Kikao hicho ndicho kinachorukwa kirahisi, kwa hiyo tarehe yake iandikwe ubaoni siku hiyohiyo ya onyesho, kabla mgeni rasmi hajaondoka.